Pale Gambuti Inapokwama

Chwap. Kimya kidogo. Chwap tena. Ilikuwa sauti ya gambuti ikichomolewa kwenye tope, mguu mmoja baada ya mwingine, mahali fulani chini yetu ndani ya ukungu. Tulikuwa tumepanga foleni kwenye kituo cha chai, vikapu migongoni, na sauti hiyo ilipotufikia kila mtu alitazama kikapu chake. Mama yangu aliteremsha kikapu chake, akaingiza mkono ndani, akachakura haraka haraka, akatoa majani magumu aliyoyachuma akiwa amechoka, akayatupa nyuma ya banda. Wanawake wengine wakafanya vivyo hivyo. Chwap. Ukungu ukapasuka na akatokea mwanamke mrefu mwenye kofia ya sufu, koti la mvua la kijani, na tope hadi magotini.

"Mmemaliza kutupa?" akauliza. "Ama nirudi chini niwape nafasi?"

Huyo ndiye Karani, mpimaji wa chai yetu. Alikuwa na jina lake, lililoandikwa kwenye kitambulisho, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata alipostaafu na mizani ikapewa mwingine, karani mpya aliitwa "yule kijana wa mizani", na yeye akabaki Karani. Nami nitamwita hivyo. Sitaeleza ni binti wa nani wala ukoo gani, kwa maana wapo waliompima kwa mizani hiyo maisha yake yote, na yeye aliichukia kuliko alivyochukia chai ngumu. Inatosha kujua kwamba alitoka vilima vya upande wa Kisii, akaletwa huku na kazi ya kuchuma, akanunua na mumewe kipande cha ardhi kwenye mteremko unaopakana na wetu, na mumewe akafa mapema.

Alikuwa na mdomo. Nchi yetu ina watu wapole wa maneno, wanaozunguka jambo kabla ya kuligusa, na katikati yao alisimama mtu aliyesema jambo likiwa bado na damu. "Mama Chebet," alimwambia mama yangu mbele ya foleni nzima, akiwa ameinua tawi kutoka kikapuni, "hii ni chai ama umetuletea kuni?" Foleni ikacheka. Mama akacheka pia, kwa shingo upande, na kwa wiki nzima nyumbani tulichuma majani mawili na kichipukizi, hakuna zaidi, kana kwamba Karani alikuwa amesimama nyuma yetu kwenye mistari.

Siku moja alikataa gunia lake mwenyewe. Alikuwa amemwachia kibarua achume, na alipolifungua mezani aliyatazama majani yale, akasema kwa sauti ile ile, "Mwenye hii chai ni mvivu. Arudishe nyumbani." Akalibeba begani, akateremka nalo, na sisi tukamsubiri na magunia yetu mpaka aliporudi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Na chai yenyewe hakuinywa. Alikunywa maji moto, matupu, kwenye kikombe cha bati. Ukimuuliza alijibu, "Mimi nimeona kile kinaingia ndani ya gari." Lakini mgeni akifika kwake alipikiwa chai ya maziwa iliyokolea kuliko ya nyumba yoyote pale mtaani, na mwishoni alisindikizwa. Hilo la kusindikiza lilikuwa sheria yake. Awe ni mchungaji, awe ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimkatalia majani asubuhi hiyo, awe ni mtu waliyegombana mpaka majirani wakasimama uani kusikiliza, Karani alivaa gambuti zake na kutembea naye mpaka barabarani. Mara nyingine ugomvi uliendelea njia nzima. Lakini hakuna aliyetoka kwake peke yake.

*

Ili umwelewe, lazima uelewe kwamba kwetu ua ni aibu.

Sisemi la dirishani wala la kanisani. Nasema ua shambani. Chai ikichumwa inavyopaswa haipati nafasi ya kuchanua; inakaa chini, bapa kama meza, ikitoa vichipukizi tu. Ukiona chai imetoa maua meupe, ujue mwenyewe amefariki, au amehama, au amelemewa na pombe. Tumelelewa hivyo. Ukipita njiani na mama yako na mkaona ua jeupe kwenye shamba la mtu, mama anatikisa kichwa na kuuliza, "Huyu alishindwa na nini?"

Kwa hiyo hebu fikiria mshangao wa watu pale mwanamke aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu chai alipoanza kuotesha maua. Na si maua ya kuuza. Maua ya porini.

Chini ya shamba lake kuna bonde la majimaji. Kila mteremko kwetu una la kwake: mahali maji yanapotoka ardhini bila haraka, nyasi ni ndefu, na ng'ombe akiingia mnamtoa kwa kamba. Mabonde mengi sasa yamekauka, kwa sababu watu waliyachimba mitaro na kupanda mikaratusi, ile tunayoiita bulugamu. Inakua upesi, inauzwa kwa kuni na nguzo, na inakunywa maji kama mtu aliyeshinda juani. Bonde la Karani lilibaki bichi. Na ndani yake, zikianza mvua, yaliinuka mashina marefu yasiyo na tawi, mpaka kiunoni mwa mtu mzima, na kila shina lilibeba kichwani maua madogo mengi yaliyobanana, marefu kama vidole vya mtoto, yanayoning'inia. Ya juu ni mekundu kama kaa la moto. Ya chini yanageuka manjano yakizeeka. Ukiangalia kutoka kwetu, juu, kukiwa na ukungu, ungeapa kuna watu chini kule wamewasha mienge na wanatafuta kitu.

Yeye aliyaita wenyeji. "Naenda kuwaona wenyeji," alisema, au, "Leo wenyeji wameamka vibaya, baridi imewapiga." Watu hawakulipenda neno hilo kinywani mwake. Mzee mmoja jirani, mwenye ng'ombe wa kupeleka soko la Siongiroi, alimkabili pale kituoni.

"Karani, wenyeji wa hapa ni sisi. Hiyo ni nyasi."

"Wewe mzee," akamjibu, akiendelea kusoma mizani, "chai ililetwa. Bulugamu ililetwa. Mimi nililetwa, hiyo unanikumbusha kila uchaguzi. Hata hiyo ng'ombe yako ya madoadoa ililetwa na lori. Hii maua haikuletwa na mtu. Sasa niambie, hapa mwenyeji ni nani?"

"Na sisi?"

"Nyinyi ni wa pili. Si vibaya. Weka gunia."

Mzee aliweka gunia. Nadhani alitabasamu, ingawa angekataa.

*

Mwanzo wake na maua hayo ulikuwa wa kuchekesha, na aliusimulia mwenyewe, bila haya, akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake na kikombe chake cha bati.

Ilikuwa wakati wa kupanua barabara ya kwenda Bomet. Tinga lilikuwa linakwangua mfereji wa kando, pale maua hayo yalipokuwa yakiota tangu zamani bila kuulizwa na mtu. Alikuwa akipita. Aliona shina jekundu limelala juu ya udongo uliokwanguliwa na ndege mdogo, chozi, bado amelishikilia, anafyonza maji matamu ya ua lililokwisha kung'olewa. "Huyo ndege alinitia hasira," alisema. "Nyumba imeanguka na yeye bado anakula." Akarudi na magunia, akachukua mafundo yote ya mizizi aliyoweza kubeba.

Kisha akayapanda kama chai.

Hakujua namna nyingine. Alichimba mashimo kwa kamba, mistari imenyooka, kwenye mteremko mkavu unaopitisha maji vizuri. Akatia mbolea ya chai. Majani yake, ambayo ni marefu kama ya kitunguu kikubwa, yaliporefuka na kulala ovyo, alishika panga akayapogoa, yote, kimo kimoja, meza bapa. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake na akaridhika. Kabla mwezi haujaisha yote yalikuwa yameungua na kukauka, isipokuwa fundo moja lililomponyoka bondeni akiwa anabeba magunia, ambalo hakuwa amelipanda wala kulipogoa wala kulikumbuka.

"Lile nililolisahau," alisema, "ndilo lilinisamehe."

Tangu hapo aliacha kuyapanga. Aligawanya fundo lile mvua zilipoanza, akalichomeka pale tope lilipokuwa limeshika zaidi. Alikuwa na kipimo kimoja tu. Alitembea bondeni, na pale gambuti ilipokwama mpaka akalazimika kuvuta kwa mikono miwili, hapo ndipo alipochomeka. Kwingine kote, alisema, ni kwa chai na binadamu.

Kichekesho kikubwa zaidi ni kwamba aliogopa nyuki. Nyuki mmoja akimuuma, uso ulimvimba akafanana na mtu mwingine. Na maua hayo huita nyuki: wale wadogo wa asali, na yale manyuki makubwa meusi yanayonguruma kama pikipiki inayopanda mlima, na chozi wenye vifua vinavyometa wakigombana juu ya kila shina. Msimu ukifika, Karani alishuka bondeni amejifunika shuka jeupe kichwani mpaka miguuni, mashimo mawili ya macho. Watoto walikimbia. Mama yangu alisema kama kuna siku ya mwisho, malaika atakayekuja atakuwa amevaa hivyo na gambuti.

"Sasa Karani, kama unawaogopa, kwa nini unawalisha?" nilimuuliza. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, nina ujasiri wa mtu aliyemaliza shule.

"Kwani wewe unalisha tu wale huwaogopi? Utakula na nani?"

*

Watu wenye nia njema walimshauri ayatetee maua kwa faida yake. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maboga yetu, yaliyokuwa yakichanua na kuangusha watoto wao wakiwa kama kidole gumba, yalianza kushika tangu bonde la jirani lilipowaka. Karakara yetu ya matunda ikapanda uzio mpaka juu ya choo na kuzaa huko. Mama alipeleka boga kwa Karani, kubwa, la kubebwa na mikono miwili.

"Hili ni la maua yako. Uwaambie watu. Wajue inasaidia."

Karani aliligonga boga kwa vidole, akasikiliza. "Hilo ni lenu na nyuki. Usiniingize."

"Lakini ukisema yana faida, wanaotaka upande bulugamu bondeni hawatakusumbua."

"Mama Chebet. Siku faida ikiisha?"

Mama aliliinua boga vizuri mikononi.

"Siku mtu akileta kitu cha faida kubwa kuliko boga, nitasema nini? Mimi nilipimwa hivyo tangu nifike hapa. Anachuma haraka, mwacheni akae. Anajua mizani, mwacheni akae. Sasa sipimi. Hao wenyeji wako hapo kwa sababu wako hapo."

Kisha akalipokea boga, akampikia mama chai, akamsindikiza mpaka barabarani, wakibishana.

Alikataa kuyakata. Mchungaji aliomba ya kupamba kanisa siku ya harusi, akamwambia anunue ya plastiki, Mungu haya ameshayaona. Bibi harusi alilia. Karani alikwenda harusini akala vizuri.

Mara moja tu nilimwona na kisu bondeni. Alikuwa amefariki mama mmoja kutoka upande wa ziwa, mchumaji wa miaka mingi, ambaye yeye na Karani walikuwa wakitukanana pale kituoni kila siku ya Mungu. Gari la kumpeleka kwao kuzikwa lilikuwa limesimama barabarani, waombolezaji wakiwa wachache, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na kwa sababu hakuwa wa hapa. Karani alipanda kutoka bondeni bila shuka lake, mikono imejaa mashina mekundu, uso tayari umeanza kuvimba. Alikuwa amekata yote. Hakuacha hata moja. Aliyafunga juu ya paa la gari kwa kamba ya magunia, polepole, akikaza kila fundo, na dereva akimwambia, "Mama, tumechelewa."

"Chelewa," akamwambia. "Huyu alichuma hapa mpaka vidole vikawa vyeusi. Anarudishwa kwao kama barua imekosea njia. Ataenda na kitu cha hapa."

Gari liliondoka likiwaka kwenye mvua.

*

Alikuwa na mtoto mmoja, Momanyi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bomet. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Alimletea mama yake dawa za goti, alimwekea taa za sola, alimpigia simu kila jioni. Lakini alikuwa mtoto wa kwetu, aliyelelewa kuona bonde bichi kama ardhi inayolala, na ua kama dalili ya kushindwa. Alitaka kupanda bulugamu kabla hajazeeka. Mfanyabiashara wa miche na nguzo kutoka Londiani alikuwa amemwonyesha bonde la mtu mwingine lilivyobadilika, na Momanyi alirudi na macho ya mtu aliyeokoka.

Karani alipolazwa kwa ajili ya goti, Momanyi alileta vibarua. Walikuwa wameshachimba mtaro mrefu kutoka kichwa cha bonde, na maji yalikuwa yameanza kukimbia, Karani aliporudi mapema kuliko alivyotarajiwa. Nilikuwepo. Tulimwona akishuka kwenye teksi na magongo, akasimama, akasikia. Nadhani aliyasikia maji kabla ya kuona chochote. Bonde lile halikuwa na sauti ya maji yanayokimbia hata siku moja.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka amevaa gambuti, mwavuli kwapani, akanionyesha kiti cha plastiki nikibebe. Alishuka hatua kwa hatua kwa magongo yake. Akanielekeza niweke kiti ndani ya mtaro, mahali vibarua walipokuwa wamefikia. Akakaa. Maji yalipita chini ya kiti. Akafungua mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado.

"Endeleeni," akawaambia. "Chimbeni tu. Mkinifikia mtaniambia."

Vibarua wale walikuwa vijana wa mtaa. Mama zao walikuwa wametupa majani magumu nyuma ya banda kwa kusikia tu gambuti zake. Mmoja alishusha jembe. Mwingine akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na hakuwa amevaa kiatu cha kamba.

Momanyi akaitwa, akafika amevaa viatu vya mjini.

"Mama, unaniaibisha mbele ya watu."

"Watu gani? Hawa ni watoto wangu. Wewe, ulikunywa uji leo?" akamuuliza yule wa kamba.

"Bado, Karani."

"Chebet, wapikie uji. Momanyi, kaa chini tuongee."

"Nikae wapi, Mama? Ni tope."

"Basi simama."

Alisimama. Nilipanda kupika uji, na kutoka jikoni nilisikia sauti ya Momanyi ikipanda na kushuka, na sauti ya mama yake ikijibu neno moja moja. Niliporudi na sufuria, vijana walikuwa wakirudisha udongo mtaroni kwa majembe yale yale, na Momanyi alikuwa ameondoka. Baadaye Karani aliniambia mwanawe alimaliza kwa kusema, "Sawa Mama. Siwezi kukutoa hapo. Lakini hutaishi milele." Yeye alilirudia bila uchungu, kama mtu anayesoma uzito kwenye mizani.

"Amesema kweli," akaongeza. "Hiyo ndiyo inanikera."

*

Mwaka uliofuata nilikwenda kufundisha Londiani, na habari zake nilizipata kwa mama kwenye simu. Hazikuwa nzuri. Karani ameanza kuchanganyikiwa, mama alisema. Anasimama njiani na magongo yake, amevaa ule mkoba wake wa zamani wa kituoni, na kila mwanamke anayepita kwenda kisimani, kwenda kuchuma, kwenda sokoni, anasimamishwa. Anatiwa kiganjani udongo kidogo wenye vitu vyeusi vidogo kama punje za chai.

"Anawaambia nini?" niliuliza.

"Ati pale gambuti yako itakwama, hapo tupa."

"Na wanafanya?"

"Ni Karani, Chebet. Nani atakataa? Mimi nimetupa pale kwa mfereji wa kanisa. Nilikwama vibaya."

Tulicheka. Nilidhani ni uzee. Wote tulidhani hivyo.

Nilirudi kwa likizo ndefu baada ya misimu kadhaa ya mvua. Niliteremka barabarani asubuhi, kuna ukungu, na kitu cha kwanza nilichoona kwenye mfereji kilikuwa mwenge. Shina moja, jekundu juu, manjano chini, chozi ananing'inia. Mbele kidogo mengine. Kwenye kona ya kanisa, kundi zima. Pale maji ya barabara yanapokusanyika chini ya kituo cha chai, mbele ya mizani kabisa, yalikuwa yamesimama kama foleni. Nilipanda mahali ambapo ukungu ulikuwa umeachia nikatazama upande wa pili wa bonde, kwenye mashamba ya watu nisiowajua, na kila mahali palipokuwa na unyevu, kila mfereji, kila kijito kati ya mistari ya chai, palikuwa na kaa la moto.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa Karani na mkoba wangu mgongoni.

Alikuwa amekonda, amekaa karibu na mlango, fimbo magotini. Momanyi alikuwepo, amekaa kwenye kochi na kofia mkononi. Mazungumzo yalikuwa yameshaanza. Alinisalimia kwa kichwa, akaendelea, kwa upole wa mtu aliyejiandaa safari nzima. Anataka kumhamishia mama yake Bomet. Kuna chumba cha chini, hakuna ngazi. Hospitali iko karibu. Na shamba lisikae bure.

"Sema yote," Karani akamwambia.

"Nitachimba bonde, Mama. Nakwambia nikikutazama usoni, safari hii. Sitakuja ukiwa hospitalini."

"Chimba."

Momanyi alinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyejibu.

"Umesema?"

"Nimesema chimba. Mimi sitoki kwangu, lakini sikai tena ndani ya mtaro, goti limekataa. Chimba. Ukimaliza hapa, nenda kwa Mama Chebet, maua iko kando ya choo. Halafu kanisani, umwombe mchungaji ruhusa. Halafu kituoni, mbele ya mizani. Halafu uvuke, kuna mashamba kule hata mimi sijui ni ya nani, wanawake wanajua. Uende na majembe mengi. Popote gambuti itakwama, chimba."

Momanyi alinyanyuka taratibu akaenda dirishani. Ukungu ulikuwa umepanda. Sijui aliona nini alipokuwa akija asubuhi hiyo akiendesha gari, macho barabarani, maneno yake yakimzunguka kichwani. Sasa alitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akihamisha macho kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, na kila alipohamisha, mabega yake yalishuka kidogo. Alicheka, cheko fupi la mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Mama. Umewatuma wanawake wa watu."

"Wamezoea. Nimewatuma miaka mingi."

"Na kama nikichimba kweli?"

"Utakuwa na bulugamu, na mimi nitakuwa na hiyo yote. Chai yako inapoa."

Hakuinywa. Alivaa kofia. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akasimama kizingitini, akasubiri. Nilijua anasubiri nini. Hata mimi nilianza kuinuka nimletee gambuti zake. Lakini Karani alibaki amekaa.

"Hunisindikizi, Mama?"

"Utasindikizwa," alisema. "Wako njiani wenyeji, mpaka kwa lami."

Momanyi akatoka. Karani akainua fimbo yake, akausukuma mlango kwa ncha, taratibu, mpaka ukafunga.